Ng'ombe Mwekundu Haendi Lugari

Wesonga,

Kaa chini kwanza. Barua hii usiisome umesimama mlangoni na kofia kichwani, kama unavyosoma kila kitu. Utakuta zizini ng'ombe mmoja tu, yule mweusi, na kamba ya pili imelala chini. Usimgombeze mama yako, wala usimtume mtu kwenda kumtafuta. Ng'ombe mwekundu hakupotea na hakuibwa. Nimempeleka ng'ambo ya mto leo asubuhi, ulipokuwa umetangulia Busia kumtafuta mwenye lori, na nimemwacha huko. Haendi Lugari.

Najua umekasirika. Mimi pia nimekasirika, na hasira yangu ni ya zamani kuliko yako, kwa hiyo ipishe kidogo itangulie.

Ningeweza kukungoja nikuambie kwa mdomo. Lakini nikisema utanijibu, na ukinijibu nitainua mkono, na wewe sasa ni mtu mwenye mke na mtoto wa miezi mitano. Si vizuri upigwe na baba yako mkesha wa kuhama. Ndiyo maana nimekaa hapa mchana kutwa na kalamu, na mama yako ananipita akienda jikoni bila kunisemesha. Darasa la nne la misheni halijanifaa kwa mambo mengi. Linifae kwa hili.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia mbegu zifungwe wapi, na kwamba baridi ya kule si ya mchezo. Serikali nayo imekupa karatasi ya mkopo wa shamba yenye masharti mengi kuliko katekisimu; isome mwenyewe. Mimi nataka kukueleza jambo moja tu: kwa nini nimekunyang'anya ng'ombe niliyekuahidi mbele ya mkeo, ng'ombe mwenye mimba, ambaye ulikuwa umepanga maziwa yake yakusaidie kuanza kulipa huo mkopo. Nilikuwepo ulipopiga hesabu hizo kwa kijiti hapa uani. Zilikuwa hesabu nzuri.

Omuse unamkumbuka. Mteso mrefu wa ng'ambo, aliyekuwa akikuletea karanga ndani ya kofia yake, halafu anaivaa kofia ikiwa na chumvi. Tulijuana nilipokuwa karani wa kupima pamba, kwa sababu bei ya upande wetu ilipokuwa nzuri alivuka na magunia yake kwenye baiskeli. Urafiki ulianza na ugomvi. Alisema mizani yangu inakula. Nikampimia tena mbele ya watu, ikatoka ile ile, akacheka, akanialika kwake. Tangu siku hiyo akawa anawaambia watu kwamba Wandera haibi hata ukimfumba macho.

Sasa sikiliza desturi ilivyo, maana vijana wa siku hizi mnaijua nusu. Watu wa kule hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukipita, mtu abaki na mbegu mahali pengine. Kwa hiyo Omuse aliwatawanya wake kwa marafiki, na mmoja akamleta kwangu, ng'ombe mwenye madoa. Masharti hayakuandikwa popote na kila mtu aliyajua. Maziwa yangu, samadi yangu. Ndama akizaliwa, nipeleke habari. Akifika ndama wa tatu, huyo wangu. Na akifa yeyote, nisipeleke maneno, nipeleke ngozi. Ukipeleka ngozi hudaiwi kitu. Mnasikitika pamoja, mnakunywa, yamekwisha.

Ndama wa kwanza alikuwa dume, Omuse akamchukua akakua kwake. Wa pili alikuwa jike, mwekundu, na doa jeupe usoni. Omuse alikuja kumtazama akiwa na wiki moja, akamshika masikio, akasema huyu atajaza zizi. Alivuka mto akiwa anaimba.

Mwaka huo huo ndio nilihama kwa babu yako. Nilitoka kama wanavyotoka watu, na jogoo, shoka na moto, na wewe mtoto wangu wa kwanza ukiwa na miaka minane, umebeba jogoo huku unalia kwa sababu alikuwa anakudonoa. Babu yako alijenga nyumba nyingi maishani mwake, zote za nyasi, na hakuwahi kudaiwa hata kamba ya kufungia. Mimi nilitaka mabati. Nilisema karani hawezi kulala chini ya nyasi. Nililisema hilo kwa kinywa changu, tena mbele ya babu yako, ambaye alikuwa amelala chini ya nyasi maisha yake yote akanilea na kunisomesha. Aliendelea kula.

Mabati niliyapata kwa Mzee Salim pale Busia, kwa mkopo, nilipe pamba ikiuzwa. Mzee Salim alikuwa mstaarabu na sitaki kusikia mtu akimsema. Pamba ikanyeshewa ikiwa imepasuka shambani, ikawa nyeusi, na niliyoipata haikutosha hata kulipa vibarua. Yeye naye alikuwa anadaiwa na waliompa mali. Akangoja mwezi, akangoja wa pili. Wa tatu akaja mwenyewe kwa baiskeli, jua kali, akasimama hapo uani, akakataa kiti. Akatazama juu ya nyumba, halafu akanitazama mimi.

"Bwana Wandera," alisema, "mabati nayaona. Malipo yangu ndiyo siyaoni."

Akanywa maji akaenda zake. Angenitukana ningejua la kufanya.

Baba yako mdogo Okumu ndiye aliyeleta shauri. Sisemi hivyo ili nimtupie mzigo. Shauri halikukaa kwake hata usiku mmoja, nililipokea kama mtu aliyekuwa akilingoja. Alisema ndama jike wa Omuse amekua, ana bei. Tumpeleke soko la Butula, mbali na mto, ambako Mteso hapiti. Halafu tutafute ngozi nyekundu kwa wachinjaji, tuipeleke ng'ambo, tuseme amekufa. Ndivyo tulivyofanya. Ndama aliuzwa, Mzee Salim akalipwa yote, akanipa mkono na kunitakia baraka katika nyumba yangu mpya. Niliupokea mkono ule.

Ngozi aliinunua Okumu, imeshakaushwa. Ilikuwa nyekundu kweli. Sehemu ya uso tuliikata tukaitupa, kwa sababu ya lile doa, tukapanga kusema mbwa waliiwahi. Nyama tungesema tumeizika, ugonjwa mbaya. Tulikaa watu wazima wawili tukipanga kifo cha ndama aliyekuwa hai.

Mama yako alijua. Alituona tukiikata. Usiku wa kwanza tuliolala chini ya mabati mvua ilinyesha, na mabati mapya unajua yanavyopiga kelele. Nikamwambia, unasikia, hakuna hata tone linaloingia. Akasema, "Hii nyumba imeezekwa na ndama ya watu." Hakuwahi kulirudia neno hilo miaka yote hii, na mimi sikuwahi kulisahau. Nilimnunia siku nne kwa sababu alisema kweli.

Sasa nafika mahali panaponifanya nitake kuipasua karatasi hii. Mimi nilikulia jembe na pamba, Wesonga. Ng'ombe nilimjua kwa maziwa. Okumu vile vile. Tuliitazama ile ngozi rangi tu. Tukaipeleka kwa mtu aliyechunga tangu alipoanza kutembea. Omuse aliitandika chini mbele ya nyumba yake, akapitisha kiganja kuanzia shingoni mpaka mkiani. Ngozi ya dume ina alama yake tumboni, pale anapokojolea, na hata ikikauka haifutiki. Tulimpelekea ngozi ya dume tukamwambia ndiyo ya yule jike wake.

Kiganja chake kilifika pale kikasimama. Nilikiona kikisimama, nikadhani anahuzunika. Akaikunja taratibu, akaiweka kando. Akasema, "Pole, rafiki. Ni kazi ya Mungu." Akamwita mkewe alete pombe, tukakaa kwenye chungu kimoja cha malwa, kila mtu na mrija wake, tukanywa mpaka jua likashuka. Nilirudi nyumbani nikimcheka. Ndiyo, nilimcheka. Nilimwambia Okumu, hawa Wateso na sifa zao zote za ng'ombe.

Miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne nimekunywa kwenye chungu cha mtu yule. Alikuja kwenye matanga ya babu yako na mbuzi. Wewe ulipougua tumbo, ni yeye aliyekubeba kwa baiskeli mpaka hospitali kwa sababu yangu ilikuwa imevunjika. Ng'ombe wake wa madoa alipozeeka akamchukua bila neno, na ndama wa tatu akaniachia kama tulivyoagana. Huyo wa tatu ndiye mama wa mwekundu niliyempeleka leo. Kila mara aliponitazama juu ya mrija alikuwa anajua, na alikuwa anangoja niseme, na mimi nilikuwa nampigia hadithi za bei ya pamba.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Yangu ilikuwa ndefu, na mtu mwingine alikuwa akitembea pembeni yangu akiniona.

Nakuambia kweli, namkasirikia na yeye. Amekufa na bado namkasirikia. Kwa nini hakunitupia ile ngozi usoni siku ile ile? Angeniita mwizi mbele ya wake zetu, tungepigana, wazee wangekuja, ningelipa ndama mmoja, yangekwisha. Badala yake alininyamazia. Alinipa miaka ya kuwa mtu mwema na mimi sikuitumia hata siku moja. Kuna heshima ambayo ni adhabu, na sijui kama aliifanya kwa upendo au kwa ukali. Siwezi tena kumuuliza.

Alipokufa, wiki ile mtoto wako alipozaliwa, mimi nilikwenda kuzika na wewe ukabaki na mkeo. Siku ya kuketi baada ya mazishi, watu wakataja madeni ya marehemu, aliyodai na aliyodaiwa, kama ilivyo ada. Kukopa harusi, kulipa matanga, huo msemo nilikuwa nimeusikia tangu utoto nikidhani ni maneno tu. Mtoto wake mkubwa, Okisai, alisimama akataja huyu na huyu. Halafu akasema, baba ameacha neno, kwa Wandera kuna ndama jike mwekundu mwenye doa usoni. Hakusema ndama amekufa. Alisema yuko.

Nilisimama na suti yangu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba ndama yule alikufa na ngozi nilileta mwenyewe. Mjane wa Omuse, Mama Amoit, akaingia ndani, akatoka na ile ngozi, akaiweka mbele ya miguu yangu. Mzee mmoja akaigeuza kwa fimbo. Akatazama, akawatazama wenzake, wakaanza kucheka polepole, kicheko cha wazee, ambacho hakina haraka. Hata watoto waliokuwa karibu walielewa.

Wazee wakatoa neno. Hawatahesabu ndama ambao yule jike angezaa miaka hiyo yote, maana hesabu hiyo ingeniua. Nilete ng'ombe mmoja mwenye mimba, yaishe. Mimi nikageuka nikaondoka bila kuaga. Kwenye matanga ya rafiki yangu, niliondoka bila kuaga.

Na nilipofika hapa nikawaambia nini? Unakumbuka. Niliwaambia Wateso wamenisingizia. Mama yako akainuka akaenda nje. Wewe ukakaa, ukanitetea. Ulikasirika kwa ajili yangu mpaka mishipa ikasimama shingoni. Ukasema, "Mzee, wacha hao. Hata kama ingekuwa ni kweli, hao ni watu wa Uganda saa hii. Kuna mpaka. Watakushtaki wapi?"

Nikacheka, Wesonga. Nilicheka na wewe. Nilikuwa nimefedheheka siku mbili, na neno lako likanishika kama tonge la moto kwa mwenye njaa. Ni kweli, nikajisemea, tuna uhuru, tuna bendera, wana yao, deni halina pasi ya kuvuka mpaka. Nikafurahi hivyo, na kwa furaha hiyo hiyo nikakuahidi ng'ombe mwekundu, pale pale, mbele ya mkeo. Nilikuahidi kama mtu anayelipa aliyemtetea. Kwa hiyo kosa la ahadi ni langu, na la kuivunja ni langu.

Huo mpaka nimeuvuka maisha yangu yote. Ni mto, una mawe ya kukanyagia, na wakati wa kiangazi mbuzi huvuka wenyewe. Omuse alinifuata ng'ambo hii na mbuzi wa matanga na hakuuliza ni nchi ya nani.

Ningeweza kuendelea kucheka. Nilicheka miezi mitano. Kilichonikata kicheko ni wewe, wiki iliyopita, ulipokuwa unafunga mabati yako ya kwenda Lugari, yale ishirini uliyokopa kwa mtoto wa Mzee Salim. Nilikuuliza umepanga kumlipa lini. Ukaendelea kukaza kamba. Ukasema, "Aah, baba, nikishafika Lugari, Busia ni mbali."

Ukacheka. Kicheko kile kilikuwa changu. Hata meno uliyaonyesha kama mimi. Nilisimama pale nikatamani kukuzaba kofi, halafu nikaona kwamba mkono huo ungenigeukia mimi mwenyewe, maana ni nani aliyekufundisha kwamba deni ni kitu cha kukimbiwa, kwamba kinachotakiwa ni umbali tu, mto au maili? Sikukufundisha kwa maneno. Nilikufundisha kwa kuvaa suti na kulala chini ya mabati haya nikiitwa mtu wa maana.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nikawaza: kijana huyu anakwenda kufungua mji mpya kwenye ardhi ambayo mzungu ameondoka juzi, kati ya watu wasiomjua, na amebeba mkopo wa serikali mkono mmoja, mabati ya mtoto wa Salim mkono wa pili, na nyuma yake anaswaga ng'ombe ambaye kwa haki ni wa mjane wa ng'ambo. Atafika na nini kilicho chake? Mimi nilihama na kitu cha watu juu ya kichwa changu na sijawahi kuiona raha ya nyumba hii. Nyumba yenyewe ni nzuri. Kila anayepita huisifu.

Kwa hiyo leo ulipoondoka nilimfungua. Mama yako alinikuta nikimvusha langoni. Akauliza, umemwambia Wesonga? Nikasema nitamwambia. Akaniletea fimbo na ndizi mbili za njiani, na hilo ndilo jambo la upole zaidi alilonifanyia mwaka huu.

Kule walinipokea kwa ubaridi na walikuwa na haki. Mama Amoit hakumtazama ng'ombe. Alimwita Okisai na wadogo zake, na wazee wawili wa jirani, wakaketi. Nikaanza kusema nimeleta lile neno la wazee. Akanikatiza.

"Sema kwanza," alisema. "Ng'ombe baadaye."

Nikasema. Sikujua maneno hayo ni machache hivyo. Ndama hakufa, nilimuuza Butula nikalipia mabati, na ngozi ilikuwa ya dume wa mtu nisiyemjua. Nilidhani nikimaliza kitu kitapungua kifuani. Hakikupungua. Mama Amoit akasema, "Basi." Aliniambia mumewe alikuwa amemweleza usiku ule ule wa ngozi, na kila mwaka tulipokwisha kunywa na mimi nikaenda zangu, alikuwa akimuuliza, leo amesema? Naye alijibu, bado. Hakunishukuru kwa ng'ombe. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha.

Barua ingeishia hapa ningekuwa na amani kidogo. Lakini kuna lililobaki, na ni baya, na ndilo lililonikalisha kuandika badala ya kulala.

Walipokuwa wanamfunga mwekundu, Okisai alinikaribia. Kijana mzuri yule, ana macho ya baba yake. Alinitazama kama mtu anayetafuta kama kuna chochote cha kuokota katika familia hii. Akaniuliza, "Na Wesonga anajua?"

Nikasema, "Ni yeye amesema nimlete. Alikuwa wake wa kwenda naye Lugari. Amesema hawezi kuhama na ng'ombe wa watu."

Nililisema hilo dakika chache baada ya kukiri uwongo wa miaka kumi na minne, kwenye uwanja ule ule, mbele ya watu wale wale. Halikunigharimu hata pumzi. Sijui lilitoka wapi. Nadhani niliona aibu yangu nimeimaliza yote, na sikutaka waanze kukutazama wewe kwa jicho walilonitazamia mimi. Nilitaka kuwe na mtu mmoja mwenye jina letu anayesimama wima pale.

Mama Amoit hakulia niliposema habari za ndama. Kwa neno hili alilia. Alijifunika mdomo kwa leso, akasema, "Huyo kijana amelelewa." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akanipa mkono, mkono ambao hakuwa amenipa nilipofika. Nilirudi mtoni nikiwa na hasira ambayo siwezi kukuelezea, maana nilikuwa nimesifiwa kwa malezi ambayo sikuyafanya, kwa jambo ambalo hukulifanya.

Na Okisai amesema hivi. Kesho lori lako likipita Malaba atakuwa amesimama pale kando ya barabara, na mfuko wa wimbi wa mbegu na kuku wawili kwa ajili ya mji wako mpya. Anataka kukushika mkono. Anataka, alisema, kuanza upya na wewe ule urafiki ambao wazee waliuharibu.

Nimekuweka mahali pabaya, najua. Unaweza kumwambia kwamba hukumtoa ng'ombe yeyote, baba yako amedanganya kwa jina lako. Utakuwa umesema kweli, na mimi nitakuwa mwongo mara mbili mbele ya mji ule, na sitakulaumu. Au unaweza kupokea kuku na wimbi ukanyamaza. Lakini hilo ndilo nililofanya mimi, Wesonga. Nilipokea mkono wa Mzee Salim, nikapokea mrija wa Omuse, nikanyamaza. Najua ladha yake na siitaki kinywani mwako.

Sikuombi unisamehe. Ng'ombe alikuwa ahadi na nimeichukua, na huko Lugari kutakuwa na asubuhi ambazo mtoto atalia maziwa na utanilaani, unayo haki. Mabati ya mtoto wa Salim sitakulipia. Hilo ni lako, na Busia si mbali. Dawa ya deni kulipa, watu husema. Hawasemi kwamba mara nyingi aliyekopa anapona na mwanawe ndiye anayemeza dawa.

Lori linakuja alfajiri. Kuna saa chache za jua zimebaki, na hilo neno nililolisema ng'ambo bado linaweza kuwa kweli, lakini mimi siwezi kulifanya kuwa kweli, nimejaribu mchana kutwa. Niko zizini nyuma ya nyumba. Njoo. Nitukane kwanza kama huwezi kujizuia, nitakaa kimya, kwa leo tu. Halafu mtoe yule mwekundu kwa kinywa chako mwenyewe.

Baba yako,
Wandera